Nyuzi Mbili za Kadhi Mudrik

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Nuhaila, mji wa kale uliokuwa milimani ambako maji yalifika kwa mifereji na baridi ilifika bila kualikwa, paliishi kadhi mkuu aliyeitwa Mudrik bin Sahl, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapo wanaokisimulia kisa chake kwa haraka, wakataja uadilifu wake na kuishia hapo. Lakini kisa chenyewe hakianzi na uadilifu. Kinaanza na kosa, na kosa hilo liliwashtua watu wa Nuhaila kiasi kwamba wajukuu wao walilisimulia kwa sauti ya chini.

Kwanza tuijue Ahadi ya Mji. Zamani, kabla Mudrik hajazaliwa, Nuhaila ilitawaliwa na sultani aliyepofuka uzeeni. Watumishi wake walimletea hati, wakamwambia hii ni ya sadaka, hii ni ya kutengeneza paa la msikiti, naye akapiga muhuri. Kumbe nyingine zilikuwa za kunyang'anya watu mashamba, na nyingine za kuwakata shingo. Alipofariki, wazee na wanavyuoni waliketi wakaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba Nuhaila haitatawaliwa tena na mtu asiyeona anachokipigia muhuri. Hawakusema upofu ni aibu. Upofu ni mtihani kama mitihani mingine, na huenda kipofu akatutangulia peponi sote. Walichosema ni kwamba shingo za watu ni amana, na amana haishikwi kwa kubahatisha. Sultani akipoteza macho, muhuri utarudi kwa baraza la wazee mpaka achaguliwe mwingine. Sharti hilo hilo wakamwekea na kadhi, maana kazi yake nayo ni kutazama.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, wakaweka Siku ya Nyuzi. Kila mwaka, siku ya mwisho ya Shaabani, watu walikusanyika katika msikiti mkuu baada ya sala ya adhuhuri. Nyumba ya kadhi ilisokota nyuzi mbili za pamba moja. Mmoja ukaachwa mweupe, mwingine ukatiwa weusi kwa rangi ya maganda ya komamanga. Walifanya hivyo kwa kukumbuka ule uzi mweupe na ule uzi mweusi wa alfajiri waliotajiwa waumini katika aya ya funga. Kadhi alizishika nyuzi, kila mkono uzi wake. Sultani alichukua mweupe na kuuinua juu. Kadhi akautazama, kisha akatangaza mbele ya umma. Tangu mwezi wa Shaabani ulipoandama muhuri ulikuwa umelazwa, na hakuna amri iliyofanya kazi mpaka kadhi aseme neno lake. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Mweupe."

Mudrik hakutoka katika ukoo wa makadhi. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, na yeye mwenyewe alianza kwa kusomesha watoto kwenye msikiti mdogo uliovuja. Akapewa ukadhi wa soko, kwa sababu hakuna mwanachuoni mwingine aliyeutaka. Huko sokoni ndiko alikopata jina. Wakija watu wawili wanaogombea punda, hakuketi kusikiliza maneno. Alisema, "Nione kwanza," akatoka kwenda kumtazama punda. Mke akilalamika kwamba nyumba aliyowekwa haifai kukaliwa, Mudrik alipanda mwenyewe juu ya paa. Wauza soko wakamwita Kadhi Nione-Kwanza. Walitaniana kwamba atakapozikwa, malaika wa kaburini wakianza kumhoji, atawaambia wangoje kidogo, aone kwanza.

Na palikuwa na hukumu moja iliyompandisha kuliko zote. Muuza mafuta mmoja aitwaye Zuraiq alisimama mbele yake akaapa kwamba alimwona fulani akiiba tandiko la farasi. Mudrik alimhoji sana, mpaka ikabainika kwamba Zuraiq hakuona kitu. Alisimuliwa na ndugu yake, naye akamwamini. Baadaye mwizi mwenyewe akakiri. Tandiko likapatikana. Watu wakasema basi, Zuraiq amesema kweli, aachwe. Mudrik akasema hapana. Anayeshuhudia asichokiona ni shahidi wa uongo, hata kama uongo wake umesadifu ukweli. Akamhukumu kwa desturi ya mji: Zuraiq akavuliwa kilemba, akapakwa masizi usoni, akapandishwa punda akiwa ameelekezwa mkiani, akapitishwa soko zima huku mnadi akipiga kelele, "Huyu ameshuhudia asichokiona, mjueni." Tangu siku ile hakuna mahakama iliyompokea Zuraiq, na wateja wake wengi wakahamia kwa muuza mafuta mwingine. Mudrik alisifiwa. Haukupita muda mrefu akaitwa kukalia kiti cha kadhi mkuu.

Alikikalia kwa haki, na hilo hata maadui zake walilishuhudia. Ila mwanadamu hujaribiwa pale pale anapojiona imara. Uzeeni, mtoto wa jicho alianza kumwingia Mudrik, polepole, kama moshi unavyoingia chumba kilichofungwa.

Mkewe, Bibi Lubaba, ndiye aliyejua kwanza. Mumewe alimimina maji ya udhu kando ya bakuli, akasema ni mkono umeteleza. Siku nyingine akalitolea salamu joho lililotundikwa ukutani. Lubaba hakupiga ukelele. Alianza kuweka kila kitu mahali pamoja, viatu hapa, fimbo pale, mkate upande wa kushoto wa sinia, na watoto waliokwisha kuolewa na kuoa wakija kutembea akawakemea wasihamishe kitu. Alipoona hali imezidi, alimwambia, akimwita kwa jina la mwana wao, "Baba Sahl, waambie kabla wao hawajakuambia wewe."

Mudrik alimjibu kwamba atawaambia, lakini si sasa. Alimweleza kwamba Waziri Jahwar, aliyekuwa na nguvu ikulu, alikimezea mate kiti cha kadhi kwa ajili ya binamu yake, mtu asiyejua haki wala haya. Mudrik akiondoka leo, kesho binamu atakalia kiti, na nani atawatetea wanyonge? Yote hayo yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalimfaa sana. Mtu hujificha vizuri zaidi nyuma ya neno la kweli kuliko nyuma ya uongo. Basi akaendelea kuhukumu. Karani alimsomea hati, naye akasingizia uchovu wa macho. Sifa zake za zamani zikamfanyia kazi. Nani angemshuku Kadhi Nione-Kwanza kwamba haoni?

Na kumbe ikulu nako kulikuwa na moshi ule ule. Sultani Ghalib, mtu mpole aliyependa watu wake, alikuwa amepofuka kuliko kadhi. Aliyejua ni Jahwar peke yake, na alikuwa amekwisha kuonja utamu wa muhuri unaopigwa na mkono usioona.

Ikafika Siku ya Nyuzi. Jahwar alikwisha kumfundisha bwana wake. Kadhi, miaka yote, hushika uzi mweupe kwa mkono wa kulia. Maulana asihangaike, achukue ulio katika mkono wa kulia wa kadhi. Sultani akakubali. Lakini Jahwar hakujua kwamba macho ya kadhi nayo yamekwisha. Mudrik alipoziokota nyuzi kutoka kwenye sinia aliziona kama vivuli viwili, akabahatisha, akautia mweusi katika mkono wa kulia.

Sultani akanyoosha mkono. Akauchukua uzi wa kulia, akauinua juu.

Uzi ulikuwa mweusi. Ulining'inia mkononi mwake mweusi kama masizi, juu ya mkono wa joho jeupe, na safu ya mbele nzima ikauona. Msikiti ukanyamaza. Na katika kimya hicho Kadhi Mudrik alisogea, akainua uso kama afanyavyo mtu anayetazama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Mweupe."

Watu wa nyuma, ambao uzi hauonekani walipo, wakapiga takbiri. Wa mbele walikaa kama waliomwagiwa maji ya baridi. Imamu alifumba macho akayafumbua, akadhani ni yeye anayeugua. Mfanyabiashara aliyekuwa karibu naye alijisemea kwamba kadhi ni mjuzi, pengine iko hukumu asiyoijua yeye. Mzee mmoja wa baraza alimtazama mwenzake, mwenzake akatazama mkeka. Kila mmoja alimwachia mwingine aseme, na kwa kuwa wote walikuwa watu wa heshima, wakaheshimiana mpaka jambo likapita. Jahwar, aliyekuwa amepauka uso kwa hofu, akarudiwa na damu yake. Takbiri ya mwisho aliitoa yeye.

Lubaba alikuwa juu, upande wa wanawake, nyuma ya ubao wa matundu. Nyuzi zile alizisokota yeye. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake alimnong'oneza kwamba labda ni mwanga. Lubaba alikaa pale pale mpaka watu wakapungua.

Alipofika nyumbani hakuwasha jiko. Mumewe aliuliza habari ya chakula. Akaketi mbele yake akamwambia, "Uzi alioinua ulikuwa mweusi."

"Mweupe nilikuwa nao mkono wa kulia."

"Mkono wa kulia ulikuwa nao mweusi. Ukasema mweupe."

Mudrik akauliza ni nani mwingine aliyeona. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza, na waliokipokea kisa hiki hawakulificha, basi nasi tusilifiche. Lubaba akamjibu kwamba mbele wote wameona, ila wanangoja kuona yeye atasemaje. Mudrik akaanza kutoa hoja. Huenda Sultani hakukosea. Huenda aliutegemea mkono wa kulia kwa mazoea tu na macho yake ni mazima. Ramadhani inaingia, si mwezi wa kuzusha fitina. Apewe muda mpaka baada ya Idi, atajiuzulu kwa uzee, na hakuna atakayeaibika. Lubaba alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka kwenda kuwasha jiko.

Lakini Mwenyezi Mungu humharakishia mja wake pale anapotaka kuchelewa. Asubuhi ya pili, Alhamisi, siku ya kwanza ya funga, alikuja nyumbani kwao mwanamke aitwaye Safwa, mke wa Hibban mfua shaba. Karakana ya Hibban ilikuwa kando ya mfereji mkuu, mahali pazuri, na Waziri Jahwar alipataka. Hibban alikataa kuuza. Akakamatwa kwa uasi. Amri ya kumwua ilikuwa imeandikwa zamani, ikalala ikingoja muhuri uamke. Jana, kabla ya magharibi, kadhi alipokwisha kusema neno lake, ilipigwa muhuri. Hibban angeuawa Jumamosi.

Safwa aliyasema hayo akiwa ameketi mkekani, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia kwingine. Alisema mumewe ndiye aliyemtengenezea Sultani birika lake la udhu, na Sultani alimjua kwa jina. Haiwezekani aione amri ya kumwua Hibban kisha aipige muhuri. Haiwezekani kabisa. Upepo ukasukuma mlango, Safwa akainuka kwenda kuufunga. Na Mudrik, aliyekuwa amepigwa na bumbuwazi kwa aliyoyasikia, akaanza kumjibu. Alimwambia binti yangu, vumilia, nitalitazama jambo hili. Aliyasema hayo kwa upole mkubwa, uso wake umeuelekea mkeka mtupu.

Safwa alibaki mlangoni ameshika komeo. Alimtazama kadhi akiongea na mkeka. Kisha akasema, polepole, "Hata wewe, Kadhi?"

Alifungua mlango ule ule aliokuwa akiufunga, akaenda zake.

Mudrik alisema neno lake lilikuwa moja tu, na neno hilo limempeleka mtu kwenye upanga. Akaanza kutafuta njia, maana alikuwa mwanachuoni na wanavyuoni hutafuta njia. Akijiuzulu leo, Jahwar atamweka binamu yake kabla ya jioni, na binamu ataithibitisha amri. Akibaki kadhi na kuivunja amri, Jahwar atasema kadhi kipofu hana hukumu, na kwa mujibu wa Ahadi atakuwa amesema kweli. Akienda kumwomba Sultani kwa siri, atapokewa na Jahwar. Alizizunguka njia hizo tatu mpaka jua likapanda, na kila alipotokea alijikuta pale alipoanzia.

Lubaba alikuwa akichambua dengu za futari. Akasema, "Baba Sahl, mbona unatafuta hukumu? Jana hukuulizwa uhukumu. Uliulizwa umeona nini."

Hapo elimu ya Mudrik ikamrudia. Siku ya Nyuzi kadhi si hakimu, ni shahidi. Na shahidi, hata akiwa kipofu, hata akiwa amevuliwa kiti, anaweza kuurudisha ushahidi wake. Kukiri juu ya nafsi yako hakuhitaji macho. Shahidi akirudi nyuma, ushahidi umeanguka. Ushahidi wa nyuzi ukianguka, muhuri umelala tena, na kila ulichogusa tangu jana ni batili. Njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa wazi muda wote.

Ila ilikuwa na bei yake, na bei aliipanga mwenyewe miaka mingi nyuma, sokoni. Akamwuliza mkewe kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Unajua hukumu ya anayeshuhudia asichokiona?"

"Naijua," akasema Lubaba. "Nilikuwepo alipopitishwa Zuraiq." Akaendelea kuchambua dengu. Baadaye akasema, "Masizi yapo jikoni."

Siku ya Ijumaa msikiti mkuu ulijaa. Sultani Ghalib aliketi mbele, ndani ya kizimba chake cha mbao, Jahwar akiwa nyuma yake. Kabla imamu hajapanda mimbari, Kadhi Mudrik alisimama, na kwa kuwa ni kadhi mkuu hakuna aliyethubutu kumzuia. Alimshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Kisha akawaambia kwamba juzi, mahali hapa, alisema mweupe, naye hakuona. Hakuuona uzi. Hakuuona mkono ulioushika. Hata sasa yeye hawaoni. Anausikia mnong'ono wao, na nyuso zao ni ukungu. Ushahidi wake ameurudisha mbele ya Mola wake na mbele yao. Na kila hukumu aliyoitoa tangu ukungu huo ulipotanda isikilizwe upya na mtu mwenye macho.

Ni vigumu kueleza hali iliyoupata msikiti. Hapakuwa na kelele. Wazee waliomjua tangu ujana wake walimtazama kama watu walioamshwa na kuambiwa nyumba inaungua. Imamu, ambaye siku ile alidhani ni macho yake yanayougua, alijikuta amekaa chini bila kujua alikaa lini. Wengi hawakushtushwa na upofu wa kadhi. Walishtushwa na nafsi zao, kwa sababu uzi waliuona.

Jahwar ndiye aliyevunja kimya. Alisema kadhi amepatwa na wazimu wa uzee, atolewe nje kwa heshima, sala isicheleweshwe. Askari wawili wakaanza kusogea.

Hapo Sultani Ghalib akasimama. Alishika ukingo wa kizimba, akageuza uso kuielekea sauti ya kadhi, ingawa hakuielekea sawasawa. Akasema, "Mudrik. Hukuona?"

"Sikuona, Maulana."

"Nilipouinua ule uzi nilisikia watu wamenyamaza, nikajua nimekosea. Kisha nikakusikia ukisema mweupe. Nikadhani umeniona, ukanisitiri." Akaongeza, "Nimekaa siku mbili nikikuombea dua."

Wapo walioanza kulia waliposikia hivyo. Wengine walishika vichwa. Vipofu wawili waliinuliana uzi mbele ya mji mzima wenye macho, kila mmoja akimtegemea mwenzake aone, na mji ukasema Allahu Akbar.

Mudrik akamwuliza Sultani, mbele ya watu, kama anajua ni amri gani aliyoipiga muhuri juzi jioni. Sultani akajibu kwamba anajua, ni idhini ya kupanua mfereji wa maji karibu na karakana ya Hibban. Akauliza kwa nini. Akajibiwa na mwanamke kutoka juu, nyuma ya ubao wa matundu: "Ni amri ya kumkata kichwa mume wangu, Maulana. Kesho asubuhi."

Sultani alijaribu kuivua pete ya muhuri, ikakwama kwenye kifundo cha kidole, kwa kuwa alikuwa ameivaa kwa muda mrefu. Aliivuta mpaka ngozi ikachubuka. Ilipotoka aliiweka juu ya mkeka mbele yake, akarudi nyuma, asiiguse tena. Askari wale wawili walisimama wakitazamana, kisha wakageuka wakamtazama Jahwar. Wazee wa baraza wakaichukua pete. Walituma watu gerezani kabla ya sala, na Hibban alisali adhuhuri yake nje ya ukuta.

Sala ilipokwisha, wazee walimzunguka Mudrik. Walimsifu kwa ujasiri wake, wakasema Mwenyezi Mungu amemsamehe inshallah, aende nyumbani apumzike. Mudrik akawauliza ni nani atakayetekeleza hukumu ya shahidi wa uongo. Wakashtuka upya. Wakamwambia hukusudia, wewe ni mzee, wewe ni kadhi mkuu. Akasema Zuraiq naye hakukusudia, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani apumzike. Kama hukumu ile ilikuwa haki, basi ni haki leo. Kama haikuwa haki, basi alimdhulumu mtu, na deni hilo ni zito zaidi.

Wakamwamuru imamu aitekeleze. Imamu alikishika kibakuli cha masizi, akashindwa kuchovya. Basi Bibi Lubaba akashuka akiwa amejitanda, akakichukua kibakuli kutoka mkononi mwa imamu. Kilikuwa kibakuli chake. Alimvua mumewe kilemba, akakikunja vizuri akakitia kwapani, akachovya vidole. Alimpaka paji la uso na mashavu, akiyaepuka macho. Wenye kusimulia wanasema alilia. Wengine wanasema hakulia, alikuwa na haraka kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Alipomaliza akamwambia, "Shika shingo ya punda, si mkia," ingawa alikuwa ameelekezwa mkiani na shingo ilikuwa nyuma yake, naye Mudrik akacheka, akiwa na masizi usoni, na hilo liliwaumiza waliokuwepo kuliko kilio.

Mnadi alitangulia. Sauti yake ilikuwa ndogo siku ile, lakini maneno aliyasema kama yalivyo: "Huyu ameshuhudia asichokiona, mjueni." Soko likafunga midomo. Watu ambao Mudrik aliwahukumia haki zao walisimama kwenye milango ya maduka yao, hawajui waangalie wapi. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe macho.

Walipofika kwenye kona ya wauza ngozi, mtu mmoja alitoka dukani, mzee mwembamba mwenye vazi lililolowa mafuta. Alikuja mpaka kwenye punda akashika hatamu. Sokoni wote walimjua, wakasema moyoni kwamba leo ndiyo siku yake.

"Sheikh wangu," akasema Zuraiq, "njia hii mimi naijua. Hapo mbele pana shimo, punda wangu nusura avunjike mguu hapo. Na mimi nilikuwa na macho." Akamgeuza punda kidogo kushoto. "Halafu mnadi huyu sauti yake hafifu. Wa kwangu alisikika mpaka ng'ambo ya mto."

Mudrik akageuka nyuma, akipapasa, akaupata mkono ulioshika hatamu. Akamwuliza kama ni Zuraiq. Akaambiwa ni yeye. Akamwomba radhi, si kwa hukumu, bali kwa kuwa miaka yote aliipita njia ile ile kwenda mahakamani na hakuwahi kusimama dukani kwake. Zuraiq akasema hilo watalizungumza wakati wa futari, kwanza wavuke shimo. Akamwongoza mpaka mwisho wa soko.

Kuhusu yaliyofuata, masimulizi ni machache. Baraza lilichagua sultani mwingine na kadhi mwingine, na binamu wa Jahwar hakuwa miongoni mwao. Jahwar alisimamishwa mahakamani; waliposhuhudia watu wa safu ya mbele, kila mmoja aliulizwa kwanza yeye mwenyewe aliona nini siku ya nyuzi, na kwa nini alinyamaza. Hukumu za Mudrik za mwisho zilisikilizwa upya. Nyingine zilisimama, nyingine zilianguka, na kila iliyoanguka alimwendea mwenyewe aliyeumizwa nayo, akiongozwa na Lubaba, kuomba radhi. Baadhi walimsamehe. Baadhi walimfungia mlango, na hakuwalaumu. Hibban alirudi kwenye shaba yake, na birika la kwanza alilolitengeneza alimpelekea Ghalib, aliyekuwa sasa raia tu, likiwa na mpini uliopinda kidogo ili mkono uujue bila macho. Kila Ijumaa, baada ya sala, Zuraiq alionekana akitoka msikitini amemshika mkono mzee mmoja kipofu, wakibishana juu ya bei ya mafuta.

Ndugu zangu, watu wengi wakikisoma kisa hiki humwogopa Waziri Jahwar, na ni kweli wa kuogopwa. Lakini Jahwar alikuwa mmoja. Waliouona uzi mweusi wakakaa kimya walikuwa safu nzima, watu wa sala, watu wa heshima, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Mudrik naye alikuwa na sababu nzuri. Mola wetu atatuuliza juu ya masikio yetu na macho yetu na nyoyo zetu, na siku hiyo sababu zetu nzuri hazitakuwa na mahali pa kukaa. Basi ukiulizwa, ukawa umeona, sema umeona. Ukiwa hukuona, sema hukuona, kabla masizi hayajachotwa jikoni. Na Mwenyezi Mungu ndiye aonaye zaidi.